Kuipa mwendo diorama ya ndege inayopaa

Ndugu msomaji, swali lako kwa ufupi ni hili. Umeunda modeli ya plastiki ya Spitfire Mk I, ndege ya kivita ya Uingereza, kwa kipimo cha 1/48 (sentimita 1 ya modeli ni sentimita 48 za ndege halisi), ukaiweka juu ya ubao wa sentimita 60 kwa 35 uliofunikwa nyasi, ili diorama hiyo, yaani mandhari ndogo ya modeli, ionyeshe ndege ikipaa kutoka uwanja wa kusini mwa Uingereza katika kiangazi cha 1940. Umeongeza mafundi watatu na mfuko wa upepo, ule wa kitambaa unaoonyesha upepo unakoelekea. Rangi imekaa vizuri na nembo zimelala sawasawa, lakini kila anayeitazama hudhani ndege imeegeshwa, na sasa unauliza kama ufunge mota ndogo ya umeme ili propela izunguke kweli.

Usifunge mota, angalau si kabla ya kurekebisha mengine. Katika picha ulizotuma naona ndege iliyosimama juu ya magurudumu yake matatu, flapi (vibao vya ukingo wa nyuma wa mabawa) zimeshushwa, kifuniko cha kioo cha chumba cha rubani kimefungwa, kiti hakina mtu, na mkia wa mfuko wa upepo unaelekea kule kule inakoelekea pua ya ndege. Kila kimoja kati ya hivyo kinasimulia wakati wake. Flapi zinasema ndege inatua, kiti kitupu kinasema haijaguswa tangu asubuhi, na mfuko unasema rubani anapaa huku upepo ukimsukuma kutoka nyuma, jambo ambalo rubani hulikwepa kila anapoweza. Propela inayozunguka katikati ya ushahidi huo itaongeza shahidi mmoja zaidi anayepingana na wenzake. Mtazamaji, hata asiyejua lolote kuhusu ndege, huhisi upesi kama vitu vyote mbele yake vinatii nguvu zilezile kwa wakati uleule, na vinapotii hukubali kwamba ndege inakwenda ingawa hakuna kinachosogea.

Anza basi na hesabu ya wakati, kwa kuwa kazi yote iliyobaki itaitegemea. Spitfire ya aina hiyo huacha ardhi ikiwa na kasi ya takriban kilomita 130 hadi 145 kwa saa, kwa hiyo tuchukue mita 38 kwa sekunde. Ubao wako wa sentimita 60, ukiuzidisha kwa 48, unawakilisha karibu mita 29 za uwanja halisi, na ndege huuvuka urefu huo kwa takriban robo tatu ya sekunde. Diorama yako yote, kutoka ukingo hadi ukingo, haifiki sekunde moja. Ukilishika jambo hilo utaweza kuamua mengi bila kuniuliza tena: fundi aliyeweka mikono mfukoni amestarehe kupita kiasi kwa mtu ambaye ndege inapita kando yake kwa kasi hiyo, na vumbi haliwezi kuwa limetanda mbele ya gurudumu ambalo bado halijafika hapo.

Ndani ya robo tatu hiyo ya sekunde chagua hali ambayo haiwezi kudumu. Mimi ningechagua pale ambapo mkia umekwisha kuinuka, gurudumu la kulia limeachana na ardhi, na la kushoto bado linagusa nyasi. Sababu ya kuanza na la kulia si mapambo. Propela inayoendeshwa na injini ya Merlin, ile ya Spitfire yako, huzunguka kama mishale ya saa ukiitazama kutoka kiti cha rubani, na nguvu ya kinyume chake huilaza ndege upande wa kushoto, hivyo tairi la kushoto hubeba mzigo zaidi wakati wa kukimbia kabla ya kupaa. Katika uwanja wa nyasi usiosawazika, ni jambo la kuaminika kabisa kwamba tairi hilo litakuwa la mwisho kuondoka. Ukiwahi kuunda Spitfire za baadaye zenye injini ya Griffon, kumbuka kwamba propela zake huzunguka upande wa pili, na kila kitu ninachokueleza hapa kuhusu kulia na kushoto kitageuka.

Umbali kati ya magurudumu mawili ya mbele ya Spitfire ni kama mita 1.74, ambayo kwa kipimo chako ni milimita 36. Ukiinua gurudumu la kulia milimita 2 tu, ndege italala upande kwa nyuzi 3 hivi, na kwa kuwa upana wa mabawa ni milimita 234, ncha ya bawa la kulia itakuwa juu ya ile ya kushoto kwa milimita 13. Tofauti hiyo yatosha, kwa sababu inaonekana bila kuonekana kuwa imewekwa makusudi. Wengi huilaza ndege nyuzi 15 au 20 wakidhani wanaongeza msisimko, na matokeo yake ni ndege inayoelekea kupata ajali.

Sasa miguu yenyewe. Ndege inapoegeshwa, uzito wake huzikandamiza shokomzoba na kuyabonyeza matairi, na ndiyo maana vifaa vingi vya kuundia modeli huja na matairi yaliyokwisha kubonyezwa chini. Katika wakati tuliouchagua mabawa yamekwisha kubeba karibu uzito wote. Tairi la kulia linapaswa kuwa duara kamili na shokomzoba yake kurefuka hadi mwisho, na la kushoto libonyee kidogo sana, kiasi cha kuonekana tu kwamba linagusa. Kata mguu wa kulia katika sehemu yake inayong'aa, uurefushe kwa kipande cha waya laini wa chuma, na tofauti ya urefu kati ya miguu miwili itasema zaidi kuliko ambavyo propela ingeweza kusema. Ndege iliyoinuliwa hewani ikiwa na miguu mifupi kama ya kuegeshwa ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi katika kazi za aina hii, na linaua mwendo hata pale ambapo kila kitu kingine ni sahihi.

Flapi zipandishe zote. Za Spitfire zilikuwa na hali mbili tu, kufungwa kabisa au kushuka nyuzi 85 kwa ajili ya kutua, na hazikutumika katika kupaa kwa kawaida. (Mwaka 1942, Spitfire zilipopaa kutoka kwenye meli kuelekea Malta, zilipachikwa vipande vya mbao vilivyozishikilia flapi zikiwa zimeshuka kidogo, kisha rubani akishapaa alizishusha kabisa ili vipande vidondoke. Hiyo ni hadithi ya diorama nyingine, na nzuri sana.) Usukani wa mkia ugeuze kulia kiasi, kwa kuwa ndege hii huvuta pua kushoto inapopaa na rubani huizuia kwa mguu wa kulia. Eleveta, yaani vibao vya mkia vinavyoinua na kushusha pua, ziinue kidogo sana. Eleroni za kwenye mabawa ziwe zinasahihisha ule ulalo wa kushoto, ile ya kulia ikiinuka na ya kushoto ikishuka, zote kwa nyuzi 4 au 5. Fimbo ya kuongozea ndani ya chumba lazima ikubaliane na vibao hivyo, na hapa Spitfire ina jambo lake: fimbo nzima husogea mbele na nyuma, lakini kwenda kulia na kushoto husogea sehemu ya juu peke yake, ile yenye mshikio wa duara. Chini ya bawa la kulia, kibao cha rejeta kiwe wazi. Kifuniko cha kioo kivute nyuma, kwa kuwa marubani walishauriwa kupaa kikiwa wazi, na uso wa rubani utaonekana.

Rubani ni wa lazima. Mkono wake wa kushoto uwe kwenye mtambo wa kuongezea mafuta na wa kulia kwenye mshikio, na kichwa kitazame mbele moja kwa moja. Mkia ulipokuwa chini pua ndefu ilimzuia kuona mbele, naye alilazimika kuchungulia pembeni. Sasa mkia umeinuka na njia imefunguka. Kichwa kilichogeuzwa kutazama mafundi kinapendeza katika picha ya ukumbusho, lakini mtu aliye katika sekunde hii hana nafasi ya kuwatazama.

Nimekaa muda mrefu kwenye ndege, lakini ardhi ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi, na nadhani ndiyo itakayokuletea badiliko kubwa kwa gharama ndogo. Mwendo uliopita huandikwa ardhini. Chora alama mbili za matairi zinazotoka kwenye ukingo wa nyuma wa ubao: ile ya kushoto ifike hadi chini ya tairi lenyewe, na ile ya kulia ififie kisha iishe sentimita 5 nyuma ya gurudumu. Sentimita 5 ni mita 2.4 za kweli, umbali ambao ndege huumaliza kwa takriban sehemu moja ya kumi na sita ya sekunde, kwa hiyo mtazamaji ataona ni lini hasa gurudumu liliondoka. Usichore alama ya gurudumu la mkia hata kidogo, kwa kuwa liliinuka mbali nyuma, nje ya ubao wako. Mtu makini atalitambua hilo akiinama kutazama, na asiye makini atalihisi bila kujua sababu.

Nyasi zako zimesimama wima kama zilivyotoka kwenye kifaa cha umeme tuli, na wima huo ndio unaosema kwamba hewa imetulia. Nyuzi za milimita 2 zinafaa, kwa kuwa ni karibu sentimita 10 za kweli. Gundi ikiwa bado laini, pitisha brashi kavu kutoka mbele kwenda nyuma ya ndege ili nyasi zote ziiname kidogo, kwa kuwa upepo unatoka mbele. Kisha, chini ya tumbo la ndege na nyuma yake, fanya ukanda unaoanza na upana wa propela na kutanuka taratibu kuelekea nyuma, ambamo nyasi zimelazwa karibu kabisa na kuonyesha upande wao mwepesi wa rangi. Pitisha humo rangi ya kijani iliyochanganywa na kijivu kidogo kwa brashi ya hewa, ukiielekeza kutoka nyuma kwenda mbele kwa pembe ya chini, ili iguse upande mmoja tu wa kila unyasi. Gundi ikiwa imekwisha kukauka, usijaribu kuzilaza nyasi kwa nguvu. Ng'oa ukanda huo pekee, paka gundi mpya, na uweke nyasi upya. Mfuko wa upepo ugeuze mkia wake uelekee huko ndege inakotoka, na usiunyooshe kabisa, kwa kuwa upepo mkali wa kuunyoosha ungeziinamisha pia nyasi zilizo mbali na ndege kuliko tulivyoziinamisha.

Vumbi litumie kwa uchoyo. Pamba ya kawaida huonekana kuwa pamba kwa umbali wowote. Chukua nyuzi za polista zinazojazwa kwenye mito, zivute mpaka karibu zitoweke, zinyunyizie dawa ya kushikilia nywele, kisha zipulizie unga wa rangi ya udongo ukiwa umeshikilia kipande hicho kwa kibano. Kiweke nyuma ya tairi la kushoto pekee, kikiwa chini na kirefu, na ukiongeze vipande vichache vya nyasi vilivyonaswa ndani yake. Moshi wa injini acha kabisa. Injini iliyopata moto na inayopaa haitoi mawingu yanayoweza kuundwa kwa nyuzi.

Kuhusu propela sasa, kwa kuwa ndiyo iliyokuleta. Injini ya Merlin III huzunguka mara 3,000 kwa dakika katika nguvu ya juu, lakini gia yake huipunguzia propela hadi karibu mara 1,430, yaani mara 24 kwa sekunde. Kwa jicho la mtu hilo ni duara la ukungu, na mabapa hayaonekani moja moja. Mota itakupa ukungu huo kwa kweli, lakini itakuletea pia mtetemo utakaoilegeza miguu myembamba, na zaidi ya hayo itaweka kitu kinachosogea katikati ya vitu vilivyoganda, hivyo mtu atatambua upesi zaidi kwamba nyasi na mafundi havisogei. Mtazamaji aliyekubali sekunde iliyoganda anataka ibaki imeganda.

Ninachopendekeza ni duara la karatasi angavu ya plastiki yenye unene wa milimita 0.1 hadi 0.2, lenye kipenyo cha milimita 68 hivi. Kata mabapa ukiacha milimita 5 tu karibu na koni ya mbele, na ulipachike duara nyuma ya koni hiyo. Kabla ya kulipachika, lipulizie pande zote mbili vanishi isiyong'aa, kwa kuwa mng'ao ndio unaoyafanya maduara mengi yaonekane kama sahani ya kioo. Kisha puliza nyeusi iliyozimuliwa sana, nzito kidogo karibu na kitovu na nyepesi kuelekea ukingoni, maana karibu na kitovu mabapa hujaza sehemu kubwa zaidi ya mzunguko wao kuliko kwenye ncha. Ncha za propela za jeshi la anga la Uingereza zilipakwa manjano kwa urefu wa inchi 4, na katika mzunguko hilo huonekana kama utepe hafifu; upulizie kwenye ukingo kwa upana wa milimita 2, hafifu kiasi kwamba utaona shaka kama umepaka kitu. Ukiona duara linakuvutia macho kuliko ndege, limezidi, anza jingine; karatasi ni rahisi na kazi yenyewe ni ya nusu saa.

Mafundi wako watatu wamesimama wima, uzito wa kila mmoja ukiwa sawa juu ya miguu yote miwili, na mtu wa namna hiyo anasubiri. Ningemwondoa mmoja. Wa pili mkate kiunoni na kwenye vifundo vya miguu, mpachike waya, na umwinamishe kinyume cha upepo wa propela akiwa ameshika kofia kichwani. Koti lake litengeneze upya kwa karatasi laini iliyolowekwa gundi nyeupe yenye maji, ikimkaba mwilini upande mmoja na kupepea upande wa pili. Wa tatu awe anakimbia kando, mbali na bawa, na hapa iko kanuni moja tu unayohitaji: mtu anayekimbia yuko katika kuanguka wakati wote, kwa hiyo ukidondosha mstari wima kutoka kitovuni mwake, lazima uguse ardhi mbele ya mguu unaokanyaga. Vichwa vyote viifuate ndege, lakini visiifuate kwa usawa kamili. Aliye nyuma yake awe amechelewa kidogo na kutazama pale mkia ulipo, kwa kuwa macho hayakimbii kama Spitfire.

Kuhusu mpangilio juu ya ubao, ushauri uliozoeleka ni kuacha nafasi kubwa mbele ya kitu kinachokwenda. Kwa picha ya kupigwa naukubali. Kwa diorama ya kupaa ningefanya kinyume, kwa sababu ushahidi wote wa mwendo uko nyuma: alama za matairi, nyasi zilizolala, vumbi, mafundi. Iweke ndege kwa pembe ya nyuzi 20 au 25 na ukingo mrefu, propela ikikaribia au hata kuvuka kidogo ukingo wa mbele, ili sehemu ya ubao iliyo nyuma yake iwe ndefu kuliko iliyo mbele. Mtazamaji ataimalizia njia mwenyewe hewani, mahali ambapo huna haja ya kuunda chochote.

Limebaki tatizo la kuishikilia, nalo lina ufumbuzi mzuri katika wakati tuliouchagua. Toboa mguu wa kushoto kwa keekee ya mkono, upitishe waya wa chuma cha pua wa milimita 1 kutoka ndani ya bawa, kupitia mguu na tairi, hadi sentimita 3 ndani ya ubao. Ndani ya bawa, pale waya unapoishia, jaza gundi ya epoksi ili mzigo usibebwe na plastiki nyembamba. Tia vipande vya madini ya risasi kwenye pua mpaka ndege ikae sawa juu ya waya huo ikiwa mkia juu, kwa sababu bila risasi mkia utauvuta waya nyuma kila siku na miguu itapinda baada ya miezi michache. Waya wa pili, wa nusu milimita, upite kutoka chini ya tairi la kulia. Ile nafasi ya milimita 2 ifiche kwa nyasi mbili tatu ndefu zilizosimama nyuma yake, na waya wenyewe uupake rangi ya nyasi.

Kwa kuwa ndege yako imekwisha kuunganishwa, kazi itakayokupa taabu ni kufungua bawa ili kuweka epoksi na kuingiza rubani bila kuharibu rangi. Chana kiungo cha chini ya bawa kwa upande wa nyuma wa kisu cha wembe, taratibu, ukianzia kwenye makasha ya magurudumu, na kifuniko cha kioo kilegeze kwa kukipitishia ukingoni wembe mwembamba usio na gundi. Fanya ardhi yote kwanza, uipime ndege juu yake ikiwa haijagandishwa, utoboe mashimo mawili ya waya, na uigandishe mwisho kabisa, ukiiegemeza kwa vipande vya sponji chini ya mabawa kwa saa 24 mpaka epoksi ikomae.